Kuanguka angani hakukati pumzi

Bado wapo wanaoamini kwamba anayeruka kutoka kwenye ndege huzimia kwa kukosa pumzi kabla mwavuli haujafunguka. Si kweli. Hata wataalamu wengi wa zamani waliiogopa hatari hiyo, mpaka Aprili 28, 1919, Leslie Irvin aliporuka kutoka futi 1,500 huko McCook Field, Ohio, Marekani. Mwavuli wake haukuunganishwa na ndege kwa kamba. Aliubeba mgongoni, akaporomoka kwanza, kisha akavuta kishikio kwa mkono wake mwenyewe, akili timamu kabisa! Kilichomuumiza ni kutua: alivunjika kifundo cha mguu. Upepo mkali usoni unaweza kumshtua mgeni, lakini hewa ipo tele na mapafu huipokea, hata kwa mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa.