Kuchukulia dawa za cheti nje ya famasi: maswali na majibu kwa wagonjwa wa Dodoma

Wagonjwa wa presha, kisukari na kifafa wanaoishi Mpwapwa, Kondoa, Bahi au Chemba wanaijua vizuri safari ya kufuata dawa mjini Dodoma. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya shamba au biashara imepotea, na foleni ya dirishani bado inakusubiri. Ndiyo maana wengi wanauliza kama dawa zao zinaweza kuachwa mahali karibu na nyumbani, wao wapite tu kuzichukua. Naliunga mkono wazo hili kwa moyo wote. Ila lisifanywe kiholela.

Kituo cha kuchukulia dawa ni kitu gani hasa?

Ni mahali nje ya famasi au hospitali ambapo unakuta dawa zako zimeshafungwa na kuandikwa jina lako. Cheti kimeshakaguliwa na mfamasia, vidonge vimeshahesabiwa, maelezo ya matumizi yameshabandikwa. Anayekukabidhi hafungui wala hapunguzi kitu.

Afrika Kusini serikali ilianza mpango wa namna hii mwaka 2014. Mgonjwa wa muda mrefu ambaye hali yake imetulia anachagua famasi au kituo kilicho karibu naye, badala ya kupanga foleni kliniki kila mwezi. Mwaka 2018 waliweka hata mashine ya kutoa dawa katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg. Mgonjwa anaongea kwanza na mfamasia kupitia video, ndipo mashine inatoa dawa. Hilo la mfamasia kuwepo hata mbele ya mashine ndilo ningependa tulichukue.

Kijana wa kibanda cha miamala hapa Nzuguni ni mwaminifu, tunamwachia hadi fedha. Kwa nini asishike dawa zetu?

Uaminifu wake hauna shaka. Shida iko kwingine.

Kwanza sheria. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka jengo linalofanya biashara ya dawa lisajiliwe na liwe chini ya mtu mwenye taaluma. Dawa ya cheti ikikaa kwenye kibanda kisichojulikana na msimamizi yeyote, ikaharibika au ikapewa mtu mwingine, hakuna wa kuulizwa.

Pili joto. Ingia kwenye kibanda cha bati saa nane mchana mwezi wa Oktoba hapa Dodoma, usimame dakika tano. Sasa soma boksi la dawa yako: nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30. Mfuko unaoachwa nyuma ya kioo kinachopigwa na jua siku tatu umeshavuka kiwango hicho mara nyingi. Na kidonge kilichoharibika hakinuki kama maziwa yaliyochacha. Unakimeza ukijua umepata dozi, huku presha inapanda.

Tatu siri yako. Mji huu una Hospitali ya Mirembe, na wapo watu wengi wanaotumia dawa za afya ya akili na kuendelea na kazi zao vizuri kabisa. Mfuko wenye jina la mtu na jina la dawa, ukining'inia kwenye msumari mbele ya kila anayekuja kutoa fedha, unamweka mtu huyo midomoni mwa mtaa. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimo ndani yake.

Nani anapaswa kuvisimamia vituo hivi?

Baraza la Famasi ndilo linalosimamia taaluma na majengo ya kutolea dawa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, inasimamia ubora na usalama wa dawa zenyewe. Kwa maoni yangu kila kituo kingefungamanishwa na famasi moja yenye kibali, na jina la famasi hiyo libandikwe ukutani pamoja na namba ya simu ya mfamasia anayewajibika. Ndani kuwe na kabati lenye kufuli, kipimajoto kinachosomwa kila siku, na daftari linaloonyesha mfuko uliingia lini, ukachukuliwa na nani. Mkaguzi akifika aweze kuufuata mfuko mmoja tangu famasi hadi mkononi mwa mgonjwa.

Nisingependa masharti yawe mazito hadi kituo kiwezekane mjini tu. Mtu wa Area D famasi anayo karibu. Wa Mtera ndiye anayehitaji kituo.

Kijijini kwetu hakuna famasi. Si ndiyo tumeachwa?

Mna duka la dawa muhimu, lile linaloitwa DLDM. Mpango huu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ukaenea mikoa mingine, kwa sababu hiyo hiyo ya famasi kukosekana vijijini. Mtoa dawa wa DLDM amepitia mafunzo, duka lake limesajiliwa na linakaguliwa, na linaruhusiwa kuuza dawa chache za cheti zilizo kwenye orodha maalumu. Likiruhusiwa rasmi kuwa kituo cha kukabidhi mifuko iliyofungwa na famasi, tutakuwa tumeanza na watu wanaojua dawa ni nini. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kufikiria duka la vocha au stendi.

Bibi yangu yupo Mvumi, anatumia insulini. Tunaweza kumtumia kwa basi?

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwenye buti la basi hilo haliwezekani bila kibebeo cha baridi. Lipo kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: watu wanaifunga chupa imegusana na barafu. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Tumia kibebeo chenye vibarafu vilivyofungwa kwa kitambaa, kibebwe na mtu anayekwenda kwa bibi moja kwa moja, na kisiachwe popote njiani.

Akishaifungua, aina nyingi hudumu takriban wiki nne nje ya friji kama joto si kali. Kiwango halisi kimeandikwa kwenye boksi. Nyumbani kusiko na umeme, mtungi unasaidia sana. Chukua mtungi mkubwa, weka mchanga, tia mdogo ndani yake, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi na uuweke kivulini penye upepo. Chupa iwe kwenye kopo lenye mfuniko isilowe. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, na hewa yetu kavu ya Dodoma inaifanya njia hii ifanye kazi vizuri kuliko Tanga au Dar es Salaam. Haitafika baridi ya friji, lakini ni bora mara nyingi kuliko kabati lililo chini ya bati.

Dawa gani zisipitie kituoni kabisa?

Dawa unayoanza kwa mara ya kwanza. Hiyo ipokee kwa mfamasia, uso kwa uso, uulize. Pia dawa zinazodhibitiwa kama mofini na diazepamu, na warfarini, kwa kuwa dozi yake inafuata kipimo cha damu. Mjamzito naye apitie kliniki.

Naweza kumtuma mtu?

Ndiyo, kama umemtaja mapema na jina lake limeandikwa.

Kuna njia nyepesi zaidi kabla ya vituo kuenea?

Ipo, na wengi hawaiulizi. Muulize daktari wako kama hali yako inaruhusu dawa za miezi mingi kwa mara moja. Kwenye CTC, yaani kliniki za watu wenye VVU, wanaotumia dawa za ARV na ambao afya yao imetulia hupewa za miezi mitatu au hata sita. Mgonjwa wa presha iliyotulia naye ana haki ya kuuliza swali hilo hilo.

Nimepewa mfuko umefunguka, na vidonge si vya rangi niliyozoea. Nifanyeje?

Usimeze vidonge hivyo, ila endelea na dozi zako za zamani zilizobaki. Rangi inaweza kuwa imebadilika kwa sababu kiwanda ni kingine, lakini mwenye kuthibitisha hilo ni mfamasia. Piga picha ya mfuko, ya vidonge na ya namba ya toleo iliyo kwenye boksi, umpigie aliyeandikwa kwenye lebo. Kama hakuna jina wala namba kwenye lebo, rudisha mfuko hospitali ulikoandikiwa cheti na utoe taarifa TMDA. Vivyo hivyo kwa mfuko ambao mwenyewe hakuja kuuchukua: urudi famasi uliyotoka, usipewe jirani mwenye ugonjwa unaofanana.