Maandamano Hufaulu Lini? Funzo la Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024

Swali la iwapo maandamano yana tija halijibiki mpaka ijulikane waandamanaji wanadai nini, kwa nani, na kabla ya siku gani. Mswada wa Fedha wa 2024 nchini Kenya, yaani mapendekezo ya kodi ya mwaka huo, unalidhihirisha jambo hilo vyema.

Mswada huo ulinuia kuipatia serikali takriban shilingi bilioni 346 zaidi, na miongoni mwa mapendekezo yake yalikuwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Juni 18, vijana walipoanza kujitokeza jijini Nairobi, mapendekezo hayo mawili yaliondolewa. Wakati huo, hata hivyo, vijana walikuwa wameshausoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufafanua mitandaoni kwa lugha mbalimbali na kusambaza nambari za simu za wabunge, na dai lao likabaki moja tu: mswada wote ukataliwe. Juni 25 wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Wingi wa watu peke yake hauelezi matokeo hayo. Mwaka 2023 upinzani uliandamana mara kwa mara, lakini madai yake yalichanganya gharama ya maisha, sava za uchaguzi (kompyuta za kuhifadhi matokeo) na uteuzi wa makamishna wa tume ya uchaguzi, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ilipita. Mwaka 2024 kilichozuiwa kilikuwa sahihi ya mtu mmoja, Rais, huku mwaka mpya wa fedha ukianza Julai 1.

Tathmini yoyote isiyotaja gharama ya ushindi huo ina kasoro kubwa. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39, ilhali Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka waandalizi wawape polisi taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Hiyo ni taarifa, wala si ombi la kibali, ingawa maafisa wengi wa vituo vya polisi huichukulia kama ombi la kibali.

Kuzuia uamuzi ni rahisi kuliko kuulinda usirudi. Julai 11 Rais alilivunja Baraza la Mawaziri, kisha baadhi ya mawaziri wakarejeshwa. Desemba, mitaa ikiwa imetulia, Sheria ya Marekebisho ya Kodi ilirudisha baadhi ya mapendekezo ya Juni kwa sura nyingine. Ada ya maendeleo ya reli kwa bidhaa kutoka nje pia ilipanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2.

Njia nyingine ni kuuzuia uamuzi mapema. Mwaka 2025 Mswada wa Fedha ulikuwa na kifungu ambacho kingeiruhusu Mamlaka ya Ushuru kufikia data binafsi za wateja wa biashara. Wananchi na mashirika walikipinga katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, na Kamati ya Fedha ya Bunge ikakikataa kabla mswada haujapigiwa kura.