Ukidaiwa nchini Kenya: yasemwayo mtaani na yaliyo kwenye sheria

Tangu 2015 Kenya ina Sheria ya Ufilisi, namba 18 ya mwaka huo, iliyochukua mahali pa sheria tuliyorithi kwa mkoloni. Hata hivyo, watu bado wanazima simu, wanahama nyumba usiku na kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mdaiwa naye ana haki. Inasikitisha, maana hofu hiyo ndiyo wanayoitumia wakusanya madeni.

"Ukishindwa kulipa, unafungwa."

Kukosa pesa si jinai, na kukusanya mikopo si kazi ya polisi. Kilichopo ni kifungo cha madai: aliyeshinda kesi dhidi yako anaweza kuiomba mahakama ikuweke ndani kwa muda usiozidi miezi 6. Lakini kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinataka upewe kwanza nafasi ya kujieleza, na mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba unacho na umekataa kulipa, umeficha mali, au uko mbioni kutoroka.

Mwaka 2010 Martha Koome, wakati huo akiwa jaji wa Mahakama Kuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa deni la madai kunakiuka kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Baadaye wapo majaji walioshikilia kuwa kifungo hicho bado ni halali iwapo utaratibu umefuatwa. Kwa hiyo ukipata notisi ya kukutaka ueleze kwa nini usifungwe, usiitie kwenye droo. Nenda nayo siku iliyoandikwa, ukiwa na hati ya mshahara, taarifa ya M-Pesa na risiti za karo, uombe kulipa kwa awamu. Asiyetokea ndiye hutolewa hati ya kukamatwa.

"Dalali akija anabeba kila kitu."

Dalali halali, yaani anayekamata mali kwa amri ya mahakama ili aipige mnada, huja kwanza na karatasi. Anaingia, anaorodhesha alichokiona: televisheni, friji, makochi, pikipiki. Anaandika bei anayokadiria, anakuachia nakala, kisha unakuwa na siku 7 za kulipa kabla vitu havijachukuliwa. Isome orodha hiyo mstari kwa mstari. Kifungu cha 44 cha sheria ileile ya madai kinakataza kuchukua nguo zenu za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za fundi. Cherehani ya fundi nguo haipigwi mnada, wala theluthi mbili za mshahara haziguswi. Ukiona sufuria au godoro limeandikwa, pinga mahakamani ndani ya siku hizo, usingoje lori lifike.

Aliyetangazwa muflisi, yaani mtu asiyeweza kulipa madeni yake, naye anabaki na zana zake za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani. Sheria haikukusudia familia ilale sakafuni.

"Ukiitwa muflisi, umekwisha maisha."

Ufilisi wa kawaida hukoma wenyewe miaka 3 baada ya mdaiwa kuwasilisha taarifa kamili ya mali na madeni yake, isipokuwa kama kuna pingamizi. Ona muda unapoanzia: ni siku ya kuwasilisha taarifa ile, kwa hiyo anayechelewa kuipeleka anajiongezea mwenyewe muda wa ufilisi. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, na ambaye deni lake liko ndani ya kiwango kilichowekwa, ana njia nyepesi zaidi inayomweka huru baada ya miezi 12. Mwenye kipato anaweza kuwapa wadai pendekezo la kulipa kwa mpango bila kufilisiwa kabisa.

Vikwazo vipo. Kabla hujaachiliwa huwezi kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi, na kuendesha biashara kunahitaji idhini.

"Nikifilisika, madeni yote yanakufa na wadhamini wangu wanapona."

Hapa ndipo penye machungu. Kuachiliwa kwako hakumwachilii mdhamini. Mwalimu mwenzako aliyekuwekea sahihi kwenye Sacco ataendelea kukatwa, na ni haki yake aambiwe mapema, kabla hujapeleka ombi la ufilisi. Matunzo ya watoto hayafutiki, wala deni lililotokana na ulaghai. Benki iliyoshikilia hati ya shamba nayo inabaki na haki ya kuliuza, ingawa lazima ikupe notisi ya miezi 3 ya kurekebisha deni, kisha ya siku 40 ya kuuza. Nyumba ya ndoa iliyowekwa rehani bila idhini ya mwenzi inaweza kupiganiwa.

"Andikisha shamba kwa jina la shemeji."

Msimamizi wa ufilisi, yaani anayekabidhiwa mali ya muflisi, anaweza kuomba zawadi ya namna hiyo itanguliwe. Shemeji naye anaingia kesini.

Anayetaka kuanza safari ya ufilisi hahitaji kungoja kushtakiwa: mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka ombi. Maelezo yako katika Ofisi ya Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Kabla ya kwenda, andika kila deni na jina la anayekudai, hata la chama na la duka la jirani.