Kipimo cha siliaki kikisema "hana", uliza IgA

Mwanangu ana miaka 6. Akila chapati au maandazi anaharisha, na uzito hauongezeki. Damu ilipimwa siliaki, tukaambiwa hana. Mbona tumbo halitulii?

Katika siliaki, gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba. Kipimo cha damu kinachotumika zaidi, tTG, hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, za aina ya IgA. Sasa, wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA. Kati ya wagonjwa 100 wa siliaki, 2 au 3 wako hivyo. Wao watasomeka "hasi" hata utumbo ukiwa umeharibika. Ni kama kusimama Kibirizi, mwaloni Kigoma, usiku wa mbalamwezi wavuvi wakiwa wamepumzika, usione karabai hata moja ziwani, ukasema Tanganyika haina dagaa.

Ila giardia, kimelea cha utumboni, nayo huharisha hivyohivyo, tena ni ya kawaida zaidi kwetu. Choo kipimwe kwanza.

Maabara itajuaje kama IgA haipo?

Kwa kupima jumla ya IgA kwenye damu ileile. Ikiwa chini ya gramu 0.07 kwa lita, kwa aliyevuka miaka 4, huo ni upungufu, na siliaki itafutwe kwa kingamwili za aina nyingine, IgG. Mtaalamu makini hushtuka hata mapema: tTG ikisomeka chini mno, kuliko ya mtu asiye na ugonjwa, hupima IgA bila kungoja kuombwa.

Upungufu huo ndio UKIMWI?

Hapana. Mtoto hakuambukizwa na mtu, na wengi huishi nao bila kujua. Lakini kama anaugua nimonia au masikio mara kwa mara, IgG na aina ya tatu, IgM, zipimwe pia. IgG nayo ikiwa chini, hata kile kipimo cha pili, cha IgG, hakiaminiki. Itabidi daktari achukue kinyama cha utumbo kwa kamera.

Nimwachishe ngano wakati tunasubiri kurudia?

Usimwachishe. Ale chapati au mkate kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 angalau kabla ya kutolewa damu. Akizidiwa, mrudishe kwa daktari. Mtoto wa Ujiji anayeshindia ugali wa muhogo na migebuka hagusi gluteni kabisa, na kipimo chake kinaweza kuwa hasi kwa sababu hiyo tu.