"Zimekauka, Zinalia": Dhana Potofu Kuhusu Spika za Uwanja wa Mbio Baada ya Dhoruba

Nimeisikia tena wiki iliyopita, na mwaka huu ni mara ya tatu: "Fundi, spika zimekauka, zinalia, sasa unataka kubadilisha nini?" Anayeuliza huwa meneja wa uwanja wa mbio za magari, ana tarehe ya mashindano mezani na hataki kuona bili. Namwelewa. Lakini spika hizohizo ndizo zitakazowaambia maelfu ya watu watoke jukwaani dhoruba nyingine ikija, kwa hiyo jambo hili siliachii.

Spika kulia si dalili kwamba imepona. Koili yake, yaani waya uliozungushwa unaotikisika kutoa sauti, inapita kwenye mwanya mwembamba sana wa sumaku, na bamba za chuma zinazouzunguka mwanya huo zikishika kutu, kutu huvimba na kuuziba polepole. Leo inalia, baada ya miezi miwili inakwaruza, siku ya mbio inanyamaza. Hata hivyo, spika unaweza kuifungua ukaiona kwa macho. Kinachonitia hofu zaidi ni kebo.

Mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 ilishusha zaidi ya milimita 254 kule Khatm Al Shakla, karibu na Al Ain, Falme za Kiarabu, kwa muda usiofika saa 24. Baada yake niliitwa kwenye uwanja mmoja huku Ghuba. Spika za honi za mbele ya jukwaa kuu zilikuwa zimeanikwa siku nne, zikajaribiwa, zikaita vizuri kabisa. Nikashuka chumba cha amplifaya. Nyuma ya raki, yaani kabati la amplifaya, kwenye ncha ya kebo moja, tone la maji lilikuwa linaning'inia. Nikalifuta kwa kidole. Nikiwa bado nimechuchumaa palepale, likarudi. Maji yalikuwa yameingia kwenye boksi la maungio juu ya nguzo, yakateremka ndani ya ganda la kebo, katikati ya nyuzi za shaba, hadi chumbani. Nilipomenya ganda kwa kisu, shaba ilikuwa nyeusi na ina unga wa kijani. Unga ule hauoti kwa siku nne. Boksi lilikuwa linavuja tangu zamani, dhoruba ilikuja kumalizia tu.

Kebo ya namna hiyo haikaushwi na jua, wala na feni. Inakatwa hadi pale shaba inapong'aa, na usipopafikia, inavutwa mpya. Utajuaje? Kwa mega, yaani kifaa kinachopima kama ganda la kebo bado linazuia umeme kuvuja, si kwa sikio. Toa kwanza amplifaya na spika kwenye laini, kisha pima kwa volti 500 kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na erthi. Viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kwa nyaya za majengo vinataka angalau megaomu 1 kwa kipimo hicho. Mimi kebo nzima ikinipa chini ya megaomu 20 silali usingizi, maana iliyo salama inasoma mamia. Kazi yenyewe ni dakika chache kwa laini, kwa hiyo nikiambiwa "hatuna muda wa kupima" huwa sikubali.

Na tafadhali, multimita ya kawaida haitoshi kwenye laini ya volti 100, ile ambayo spika nyingi huungwa kwenye kebo moja, kila moja na transfoma yake. Inasoma waya wa transfoma peke yake. Tumia kipimo cha impidansi, yaani ukinzani wa laini kwa umeme wa sauti, kisha piga hesabu: spika 20 za wati 30 ni wati 600, na volti 100 mara 100 ukigawa kwa 600 unapata kama omu 17. Ukisoma 12, kuna mahali umeme unavuja au transfoma imeungua. Ukisoma 25, spika kama saba hazipo kazini, hata kama zile zilizobaki zinalia kwa furaha. Andika namba hizo siku mfumo ukiwa mpya, uzibandike ndani ya mlango wa raki. Wasiofanya hivyo huniita nikakisie.

"Spika ni IP66, maji hayaingii." IP66 ni daraja la kuzuia vumbi na maji, na kipimo chake cha maji ni mpira wa maji wa lita 100 kwa dakika, kwa angalau dakika tatu, kwenye kifaa kipya. Hakisemi chochote kuhusu jua la miaka minane kwenye mpira wa kuzibia, wala chumvi ya pwani, wala tundu ambalo fundi aliingiza kebo bila kukaza. Kebo ipindishwe ishuke chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji yadondoke nje.

"Radi haikupiga hapa." Si lazima ipige hapa. Ikipiga jirani, umeme hupanda kwenye kebo ndefu zinazouzunguka uwanja na kuishia kwenye amplifaya. Vizuia-msukumo, vile vinavyokinga vifaa dhidi ya umeme wa ghafla, vikaguliwe vyote. Vingi vina kidirisha kinachogeuka chekundu vikifa, na hakuna anayekitazama.

"Tukijenga upya, tuongeze wati." Kutoka wati 500 hadi 1000 unapata desibeli 3. Kwenda mbali mara mbili kunakula 6 mahali pa wazi. Magari yakipita, ushindi ni spika nyingi karibu na watu, zenye ucheleweshaji uliopangwa, ili sauti ya kila spika ikufikie pamoja na ya nyingine. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo nguzo ya mita 100 mbali bila ucheleweshaji inakurudishia neno baada ya theluthi ya sekunde, na tangazo linakuwa uji.

Wengine hukata tamaa, wakidhani msimu umekwisha. Tarehe 6 Julai 2005 tonado iliupiga Atlanta Motor Speedway, Georgia, Marekani, ikaharibu vibaya mno. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo magari ya NASCAR, mashindano makubwa ya magari ya Marekani, yalishindana hapo. Muda unapatikana ukipanga kazi vizuri: picha kabla ya mtu yeyote kugusa kitu, kwa ajili ya bima, kisha kebo, kisha chumba cha amplifaya, kisha spika za majukwaa na njia za kutokea. Sebule za wageni waalikwa nazifikia mwisho, hata meneja akiuliza mara ngapi.