Je, wajua? Wachimbaji waliondoka 2022, mbona kadi za grafiksi bado ni ghali?

Muulize mtu yeyote anayecheza geimu kwa kompyuta mbona kadi za grafiksi (kifaa kinachochora picha za geimu kwenye skrini) zimepanda bei hivi, jibu linatoka haraka: ni wale wachimbaji wa bitcoin (watu wanaopata sarafu za kidijitali kwa kupigisha kompyuta hesabu), wamezinunua zote. Kuna kipindi jibu hili lilikuwa na ukweli ndani yake, ila leo halielezi kitu, na ubaya wake ni kwamba linatuzuia kuona kinachoendelea hasa, kwa hiyo tulifungue taratibu.

Kwanza, bitcoin haichimbwi kwa kadi za grafiksi. Tangu mwaka 2013 hivi zilikuja mashine maalum zisizofanya kazi nyingine yoyote, na kadi ya kawaida haikuweza tena kushindana nazo. Sarafu iliyokuwa inamaliza kadi madukani 2017 na tena 2020 hadi 2022 ni Ethereum, ambayo uchimbaji wake ulitegemea sana kasi ya memori, na kadi za geimu zina memori ya kasi kweli kweli. Kipindi kile RTX 3080, kadi ya kampuni ya Nvidia iliyotangazwa kwa dola 699, ilikuwa inauzwa mara mbili ya hapo na watu wanashukuru wameipata.

Alafu tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake wote, uchimbaji ukafa siku hiyo hiyo, na kadi za mtumba zikamwagika sokoni. Kama wachimbaji ndio walikuwa tatizo, hapo bei ingeshuka na mambo yangeisha. Siku tano baadaye, tarehe 20 Septemba, Nvidia wakatangaza kizazi kipya: RTX 4090 dola 1,599, na RTX 4080 ya memori ya GB 16 dola 1,199. Yaani namba ile ile ya 80 iliyokuwa dola 699 miaka miwili nyuma sasa imeongezwa dola 500, na mchimbaji hayupo. Mkuu wa kampuni Jensen Huang alipoulizwa na waandishi wa habari wiki ile ile alijibu wazi kwamba mazoea ya chipu kushuka bei kila kizazi ni mambo ya zamani.

Kuna lingine lilitokea kwenye tangazo hilo hilo ambalo mimi naliona ni ushahidi mzuri kuliko bei zenyewe. Kulikuwa na RTX 4080 mbili, ya GB 16 na ya GB 12 kwa dola 899, na hii ya pili haikuwa imepungukiwa memori tu, ilikuwa na chipu nyingine kabisa, ndogo zaidi, lakini jina moja. Watu walipiga kelele mpaka Oktoba ikaondolewa kabla haijauzwa, na Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti kwa dola 799. Ona hapo, jina limebadilika, dola 100 zimepungua, kadi ni ile ile.

Ukishaona hilo utaanza kuangalia kadi za chini kwa jicho tofauti. GTX 1060 ya GB 6 ya mwaka 2016 ilikuwa dola 249 na chipu yake ilikuwa na ukubwa wa milimita za mraba 200. RTX 3060 ya 2021 ilikuwa dola 329, chipu ya 276, memori GB 12. RTX 4060 ya 2023 ikashuka hadi dola 299, watu wakafurahia bei, ila chipu ni ya 159 hivi, memori imerudi GB 8, na njia ya kupitishia data kwenda kwenye memori imetoka biti 192 hadi 128. RTX 5060 ya 2025 nayo ilitoka kwa dola 299 na GB 8. Ukihesabu mfumuko wa bei Marekani, zile dola 249 za 2016 ni zaidi ya 320 za 2025, kwa hiyo kwenye daraja hili ukweli ni kwamba bei haijapanda, kilichopungua ni unachopewa. Tuwe wa haki pia: 4060 ni ya kasi kuliko 3060 kwenye geimu nyingi na inakula umeme kidogo, wati 115 kwa 170, kwa sababu tranzista zake (swichi ndogo mno za umeme zinazounda chipu) ni ndogo na wameiongezea akiba ya memori ya ndani ya chipu. Kupungua sio kurudi nyuma moja kwa moja, ni kwamba ile hatua ya mbele imekuwa fupi sana.

Sasa kwa nini wapunguze chipu? Hapa ndo utamu ulipo. Chipu huzalishwa juu ya kisahani cha mviringo cha silikoni chenye upana wa milimita 300, kinaitwa weifa. Kifikirie kama donge la mahamri ulilolisukuma likawa duara, na kwenye unga kulikuwa na chembe chache za mchanga ambazo huwezi kuziona wala kuzitoa. Ukikata mahamri makubwa unapata machache, pembezoni unapoteza unga mwingi kwa sababu duara halikatiki vizuri, na kila chembe ya mchanga inakuharibia hamri zima kubwa. Ukikata madogo, chembe ni zile zile ila hasara ya kila moja ni ndogo. Tuiweke kwa hesabu: chipu ya 4090 ina milimita za mraba 608, kwenye weifa moja zinaingia karibu 90, wakati za 4060 zinaingia karibu 390. Tuseme kuna kasoro 40 na kila moja imeangukia chipu yake, upande mmoja unabaki na 50 kati ya 90, upande mwingine unabaki na 350. Hata hivyo lenye mchanga halitupwi, unamega kipande kibaya unauza kilichobaki kwa bei nyingine, na ndivyo 4090 ilivyo, chipu yake ina viini (sehemu ndogo zinazopiga hesabu) 18,432 lakini vinavyowashwa ni 16,384.

Zamani kila miaka miwili hivi tranzista zilikuwa zinasinyaa bila weifa kupanda bei sana, ndio maana kila kizazi ulipewa zaidi kwa pesa ile ile. Siku hizi weifa za TSMC wa Taiwan, ambao ndio wanawatengenezea Nvidia chipu, zinapanda bei kila teknolojia mpya inapokuja (kampuni haitangazi bei zake, kwa hiyo namba zinazozunguka mitandaoni zichukulie kama makadirio), na kusinyaa kwenyewe kumepungua. Mfululizo wa RTX 50 umetumia teknolojia ya kizazi kile kile cha RTX 40. Matokeo yake RTX 5080 ya dola 999 ina viini 10,752, na RTX 4080 Super iliyotangulia kwa dola hizo hizo ilikuwa na 10,240. Pengo linazibwa na fremu (picha moja moja za geimu) zinazobuniwa na programu, na ndivyo Huang alivyoweza kusema Januari 2025 kule Las Vegas kwamba 5070 ya dola 549 inatoa kasi ya 4090.

Sababu ya pili haina fumbo: weifa ile ile ina mteja anayelipa zaidi. Chipu ya familia ya 4090 ikiwekewa GB 48 na kuitwa RTX 6000 Ada ilianza kuuzwa dola 6,800. Mwaka wa fedha ulioisha Januari 2022 geimu ziliwaingizia Nvidia dola bilioni 12.5 na vituo vya data bilioni 10.6. Miaka mitatu baadaye geimu bilioni 11.4, vituo vya data bilioni 115. Mchezaji geimu hajafukuzwa, ila foleni imekuwa ndefu na yeye yuko nyuma.

Kwa anayenunua Kenya kuna maumivu ya ziada. Dola ilikuwa kama shilingi 101 mwaka 2016, na 2025 ilikuwa kama 129, kwa hiyo 1060 ilikuwa kama shilingi 25,000 na 5060 ikawa kama 38,500, kabla hujagusa usafiri na VAT ya 16%. Kwa dola ni ongezeko la asilimia 20, kwa shilingi ni zaidi ya 50.

Na tangu mwishoni mwa 2025 memori nayo imeanza kupanda bei. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaotengeneza karibu memori yote ya aina hii duniani, na viwanda vyao vinageuzwa kuhudumia mashine za akili bandia. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Kadi zinazotajwa kuguswa kwanza na hali hiyo ni za bei ya kati zenye GB 16, zile ambazo wengi walikuwa wanazisubiri ili waikimbie GB 8.