Kidato cha kwanza hakikufungii udaktari wa mifugo

Ameniandikia mzazi mwingine. Binti yake ana miaka 15, anapenda wanyama tangu akiwa mdogo, lakini kidato cha kwanza na cha pili alivurunda hesabu na kemia, na sasa ameambiwa asahau kabisa udaktari wa mifugo. Hukumu hii nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara anayeitoa hajawahi kufungua ukurasa wa masharti ya kujiunga ya chuo hata kimoja.

Masharti yenyewe yanasema hivi. Uingereza mwanafunzi huweza kuingia shahada akitoka sekondari, na vyuo vingi husomesha miaka 5. Kinachopimwa ni mitihani ya kitaifa, hasa kemia na biolojia, si ripoti za muhula za madarasa ya chini. Marekani kwa kawaida unapita kwanza chuo kikuu, unasoma biolojia, kemia ya kawaida na ya oganiki, fizikia na takwimu, ndipo unaomba nafasi ya miaka 4 ya udaktari. Vyuo kadhaa vya huko hukokotoa hata wastani wa kozi za mwishomwisho peke yake, maana wanataka kujua unasomaje sasa. Ripoti ya mtoto wa miaka 14 haipo mezani.

Hapo ndipo wafariji wanapoingia, nao wananiudhi karibu sawa na wakatishaji tamaa. "Alama si kitu, mwanangu, mapenzi kwa wanyama yanatosha." Hayatoshi! Alama yenyewe itasahaulika, lakini kile ambacho mtoto hakukielewa siku ile bado hakielewi, na kitamfuata hadi kwenye meza ya matibabu.

Chukua mbwa wa kilo 12 anayehitaji sindano ya meloksikamu kwa ajili ya maumivu. Dozi ya kwanza ni miligramu 0.2 kwa kila kilo, kwa hiyo anastahili miligramu 2.4. Chupa ina miligramu 5 katika kila mililita, basi unavuta mililita 0.48. Nukta ikiteleza ukavuta 4.8, umempa dawa mara kumi, na dawa hiyo ikizidi husababisha vidonda tumboni na kuharibu figo. Hapo hakuna hesabu ya chuo kikuu. Ni uwiano na desimali, mambo ya mwanzo kabisa wa sekondari, yale yale aliyoyaruka kwa sababu mwalimu alikuwa anakimbiza silabasi.

Kemia ni hivyo hivyo. Unaitwa kwa ng'ombe wa maziwa aliyezaa jana: amelala, hawezi kusimama, masikio ya baridi, shingo ameikunja ubavuni. Kalsiamu ya damu imeshuka kwa sababu inakimbilia kwenye maziwa kuliko mwili unavyoweza kuirudisha. Unampa kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, stetoskopu ikiwa kifuani, kwa kuwa ikiingia kwa kasi moyo unaweza kusimama mkononi mwako. Aliyekariri kwamba ng'ombe wa namna hii hupewa kalsiamu anaweza kumuua kwa dawa sahihi. Aliyeelewa ioni za kalsiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zinafanya nini kwenye msuli hahitaji kukumbushwa asiharakishe.

Kwa hiyo ninapoletewa ripoti mbaya, ninauliza alifeli vipi. Yupo aliyefeli kwa kuumwa, kuhamahama shule, au kutojali tu. Huyo akikaa chini mwaka mmoja anapanda, na mimi simwogopei. Yupo aliyesoma kwa bidii na bado mambo hayakuingia. Huyu anahitaji mtu wa kurudi naye nyuma hatua kwa hatua, na mara nyingi anaambulia matusi badala ya msaada. Ripoti zao zinafanana, lakini ni watoto wawili tofauti kabisa.

Mengine kwa kifupi. Uzoefu: omba kujitolea kliniki au shambani, safisha vizimba, weka kumbukumbu ya tarehe na saa. Kuanza na stashahada ya afya ya wanyama kisha kupanda ni njia halali pale mfumo unapoiruhusu. Pata jibu la chuo kwa maandishi kabla ya kulipa ada.

Nina shaka moja ambayo haipungui. Sijashawishika kwamba alama za juu ndizo zinazotuchagulia madaktari wazuri. Nimefanya kazi na vinara wa darasa wasioweza kumwambia mwenye mbwa kwamba matibabu hayatasaidia tena, na kwamba kilichobaki ni kumlaza kwa amani. Vyuo vingine hufanya usaili kutafuta uwezo huo, ila mazungumzo mafupi na kijana mwenye hofu yanaonyesha kidogo sana.

Mama, weka ripoti kando. Tafuta karatasi zake za mitihani zilizosahihishwa, kaa naye, mtazame alama zilipotea kwenye swali gani na kwenye mstari upi. Kama ni mole, kile kipimo cha kiasi cha dutu kwenye kemia, rudini kwenye uwiano. Kama ni uwiano, rudini kwenye sehemu, hata kama kitabu chake ni cha shule ya msingi na ataona aibu kukishika. Cha kidato cha tatu kisubiri kwanza.